Taulo Juu ya Televisheni ya Lorraine

Gwen Sabol ndiye aliyeyaanzisha. Alikuwa akikung'uta mkeka wa mlangoni, akamwona Marnie Duda anatoka na mtoto wake kiunoni, akaacha kukung'uta.

"Mama Josie, hebu njoo. Umesikia ya Lorraine?"

"Sijasikia."

"Kaharibikiwa. Mumewe Ray hata mwaka hajatimiza kaburini, na mwenzio sasa anaangalia mpira huku kaifunika televisheni kwa taulo. Taulo la kuogea! Nimemwona kwa macho yangu dirishani."

"Labda mwanga unamuumiza macho."

"Nusu moja tu ndiyo imuumize? Halafu analihamisha. Mara huku, mara kule. Nakwambia, yule mama hayuko tena."

Marnie hakubisha. Gwen ukimbishia anapata la kusimulia mtaa mzima mpaka mtoni. Lakini neno lilimkaa. Yeye na Lorraine Petrak walitenganishwa na ukuta mmoja tu, na katika miezi minane ya Josie hakuna aliyekuwa amemfaa kama Lorraine. Mtoto akilia sana, ukuta uligongwa mara mbili, taratibu, na baada ya dakika tano Lorraine alikuwa mlangoni na bakuli la kabichi iliyokaangwa na tambi, anasema, "Kula wewe kwanza. Huyo nipe mimi."

Basi Jumapili ile Marnie alichukua bakuli lililooshwa, akajifanya anakwenda kulirudisha.

Taulo lilikuwepo kweli, la kijani, limening'inia upande wa kushoto wa televisheni. Upande wa kulia wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, walisimama wamejikunja, wanangoja. Lorraine alikuwa kwenye stuli karibu kabisa na kioo, penseli sikioni, na mfuko wa mkate uliochanwa magotini, umejaa misalaba na viduara.

"Kaa hapo pembeni, unaniziba," alisema bila kugeuka.

"Bi Lorraine, mbona umefunika?"

"Nimewafunika wenye mpira. Wenye mpira waongo, mwanangu. Ukiwaangalia utaufuata mpira kama paka na uzi. Mimi nawataka hawa wanaozuia. Wako kumi na mmoja. Haya, nihesabie walio mbele."

Marnie alihesabu kwa kidole cha Josie. "Saba."

"Mwezi uliopita timu hii hii ilikuwa inaweka wanane. Wamepata mwalimu mpya wa ulinzi. Sasa yule wa nane yuko wapi?"

"Sijui. Ametolewa?"

"Hatolewi mtu. Karudi nyuma kabisa, kawa mlinzi wa pili wa mwisho. Zamani nyuma alikaa mmoja, sasa wawili." Mpira ulikwenda kwa timu ya pili, Lorraine akainuka, akalihamishia taulo kulia, akaketi tena na kushika bega. "Miaka thelathini na mmoja nimepakua chakula pale shuleni. Watoto mia nne kwa kengele moja. Nikiinua macho nikaona meza ya mbele imepungua, sihitaji kwenda kuwatafuta. Wako nyuma, kwenye mashine ya soda. Na meza ya mbele ina nafasi kwa yeyote mwenye sinia. Mpira ndio huo huo."

Kila Jumapili tangu hapo Marnie alikuwa pale, mtoto akilala kapuni kwenye nguo zilizokunjwa. Ndipo alipojua habari ya kiti.

Kwenye jumba la wazimamoto wa kujitolea, chini ya mlima, kuna meza yenye viti kumi na viwili. Kila mwisho wa kiangazi wanaokalia viti hivyo hugawana majina ya wachezaji wa kweli wa nchi nzima, kila mtu akajitengenezea timu yake ya karatasi. Mchezaji akikimbia yadi nyingi au akifika mstari wa mwisho uwanjani, mwenye jina lake anapata pointi mezani. Wengine siku hizi wanacheza fantasi kwenye simu. Pale jumbani bado majina huandikwa kwenye vikaratasi, yakabandikwa ubaoni kwa pini kila Jumapili kabla ya king'ora cha saa sita mchana. King'ora kikilia, hakuna kugusa tena.

Ray alikikalia kiti chake miaka kumi na tisa na hakushinda hata mara moja. Alipokufa mwezi wa nne, wanaume walimruhusu Lorraine akikalie msimu mmoja kwa heshima ya marehemu. Denny Rusk, rafiki wa Ray tangu utoto, ndiye aliyetumwa kumweleza lililobaki, kofia mkononi: asipochukua ubingwa, mwaka mpya kiti kinakwenda kwa mkwe wa Denny. Kiti hakirithiwi.

"Nguo zake nimezigawa," Lorraine alimwambia Marnie, mara moja tu. "Gari limeuzwa. Ule mto wa kiti kule jumbani ndio uliobaki na umbo lake."

Na akawa anashinda. Kila alipoona walinzi wa timu fulani wamebadilisha mpango, naye alibadilisha vikaratasi. Wanaume waliangalia pointi za wiki iliyopita, yeye aliangalia nafasi zitakazobaki wazi wiki ijayo. Wenyewe wakauita ushindi wake bahati ya mjane, wakacheka, mpaka wakamkuta fainali. Na aliyekutana naye fainali ni Denny.

Jumapili ya fainali Lorraine alikuwa mkuu wa jiko chini ya kanisa, chakula cha Krismasi cha wazee, hawezi kutoka kabla ya mchana. Asubuhi alimpa Marnie bahasha ya vikaratasi akavibandike jumbani.

"Hawa tisa ndio wanaocheza. Huyu wa kumi muweke benchi, pointi zake zisihesabiwe."

Marnie alikisoma kikaratasi cha kumi mara mbili. Corliss! Mdakaji mwepesi kuliko wote, anayetupiwa mipira mirefu, mwenye pointi nyingi kuliko mtu yeyote mezani. Badala yake kaandikwa Ambler wa timu hiyo hiyo, jitu pana la pembeni ya ukuta wa wazuiaji, lisilotakwa na yeyote.

"Bi Lorraine, una hakika?"

"Leo wanacheza na nani?"

Marnie alikumbuka. Wale wa mwalimu mpya. Wale saba.

Jumbani Denny alikuwa ameshabandika vyake, anakula sandwichi ya samaki amesimama.

"Shemeji yuko wapi? Kaingia mitini?"

"Yuko jikoni kanisani."

"Afadhali, huko ana uhakika wa kupika kitu." Marnie alipomaliza kubandika, alisogea ubaoni, akachungulia. "Haa! Butch! Njoo uone maajabu. Shemeji kamkalisha Corliss!"

Butch Yoder, mwenyekiti wa meza, alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Ambler? Yule kabati?"

Walicheka mpaka Josie naye akacheka. Kisha Denny aliacha kucheka, akashusha sauti.

"Sikiliza, binti. Ray alinisimamia siku ya harusi yangu. Nataka kushinda, lakini si hivi. Sitaki mji useme mjane wake kachanganyikiwa, kakitupa kiti mwenyewe. Muweke Corliss. Hatakulaumu mtu. Kama unampenda yule mama, msaidie."

Na hakuwa anatania, macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Hilo ndilo lililomtia Marnie mashaka. Angekuwa anamkejeli, ingekuwa rahisi. Zilibaki dakika nne. Alivichomoa vikaratasi viwili, kimoja kila mkono, mtoto amembana kiunoni. Corliss akifunga mara tatu akiwa benchi, kiti kimekwenda, na maneno ya Gwen yatakuwa kweli mtaa mzima. Na yeye atakuwa ndiye aliyebandika.

Lakini nani alihesabu? Si Lorraine peke yake. Wiki tatu mfululizo alihesabu yeye Marnie, kwa kidole cha mwanawe. Saba. Saba. Saba.

Alimbandika Ambler tena, akakandamiza pini mpaka kidole kikauma. King'ora kikalia. Josie akaanza kulia.

"Haya," alisema Denny polepole. "Mimi nimesema langu."

Saa saba mchezo ulianza, meza nzima ikakaa mbele ya televisheni isiyo na taulo. Corliss alichomoka kama mshale, na kule mbali wawili walikuwa wanamngoja. Akachomoka tena, wawili tena. Mrusha mpira alipoona nyuma kumefungwa, alitupa fupi, katikati, pale palipohamwa. Na pale alisimama Ambler, anadaka kama mtu anayeokota mayai bandani: moja, jingine, jingine. Yadi nane. Yadi kumi.

Lorraine aliingia kipindi cha pili, ananuka vitunguu, unga kwenye nyusi. Alitazama ubao, akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye mto wake.

Denny alibaki mbele kwa pointi tatu mpaka dakika ya mwisho. Ambler akadaka tena fupi, akageuka, walinzi wawili wakamrukia, naye akaenda nao mgongoni mpaka mstari wa mwisho, kama mama anayevuka mto na mapacha. Butch alipiga hesabu mara mbili, akavua miwani.

"Petrak," alisema. "Petrak bingwa."

Miaka kumi na tisa jina hilo halikutamkwa hivyo pale. Denny alisimama, akavua kofia.

"Shemeji, ulijuaje?"

"Nilihesabu."

"Nami nikungame. Nilimwambia huyu binti ambadilishe, akamweke Corliss."

Lorraine aligeuka taratibu. "Naye akasemaje?"

"Alibandika kama ulivyoandika."

Lorraine alimtazama Marnie muda mrefu, mkono wenye unga juu ya mto. Marnie aliinamisha uso kwenye nywele za Josie, maana tabasamu lilimzidi nguvu.

Walipopanda mlima, Gwen alikuwa mlangoni tayari.

"Lorraine! Nimesikia! Mimi siku zote nasema, kichwa cha mama yule si cha kawaida!"

"Umesema, Gwen," Lorraine alijibu. "Mtaa mzima umekusikia."

Ndani alivua koti, akajaribu kuinua mkono wa kulia, ukaishia begani. Masufuria ya miaka thelathini na mmoja yalikuwa yamekaa pale. Alilitazama lile taulo la kijani kwenye mgongo wa kiti, kisha akamtazama Marnie, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mwanangu, bado kuna mechi za mchujo, na wachezaji wa kuchukua mezani mwakani wanaonekana sasa hivi. Mimi nitaandika. Jumapili ijayo uje unishikie taulo."