Fundi na Mishale Mitatu

Fundi wetu wa mitambo ya wapiga mbizi hamwamini mtu, na vyombo ndiyo kabisa. Mtambo wangu huzungusha pumzi ileile niliyoitoa. Oksijeni naongeza mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, nikitazama mishale mitatu, kila mmoja na kipimo chake. Mishale ikipingana, fundi hupiga mluzi. Ikikubaliana, hununa, akaigongagonga kwa ukucha wa kidole gumba na kunusa mipira ya hewa kama mama mkwe anayechunguza chungu cha mkamwana. Asubuhi moja nilikuwa nimeshavaa, mguu mmoja majini.

“Vua.”

“Fundi, yote mitatu inasema sawa.”

“Hata mashahidi wa uongo husema sawa.”

Akaujaza mtambo oksijeni tupu. Mishale ikapanda pamoja, ikagota pamoja, nusu ya njia, badala ya kufika mwisho. Nikautoa mguu majini: huko chini, mishale ikidai haitoshi, ningebonyeza na kubonyeza mpaka oksijeni inizidi, inipe kifafa.

“Vipimo vimechoka pamoja,” akanung’unika. “Vilifungwa siku moja.”

“Nani alivifunga?”

Akainua mikono yake miwili, akaikazia macho kama wezi waliokamatwa.

“Hawa.”