Vitambaa vya Meza Vilivyoombewa Uponyaji

Mama Haleluya hakupewa jina hilo bure, alilitolea jasho. Miaka arobaini alikuwa dobi wa hospitali, na miaka arobaini hiyo hiyo alikuwa ameokoka. Ukimuuliza lipi lilitangulia, atakwambia yote mawili yalianza wiki moja, na kwamba shuka la kwanza alilolipiga pasi alilipiga huku akilia kwa furaha. Tangu siku ile hakuna shuka lililotoka mikononi mwake bila kuombewa. Akilikunja mara ya kwanza husema, "Bwana, mguse mgonjwa huyu." Mara ya pili, "Muinue." Mara ya tatu, "Mrudishe kwao mzima." Kisha hulipiga kofi moja la kulinyoosha na kuliweka juu ya mengine. Mashuka mia mbili kwa siku! Piga hesabu mwenyewe, mimi nilichoka kabla sijamaliza mwaka wa pili.

Kanisani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza. Mumewe, fundi viatu mpole wa maneno machache, alizoea kusema kwamba nyumba yao haina haja ya jogoo. Basi ilipotangazwa Jumapili ya vijana, mchungaji hakuhangaika kutafuta msemaji. Bango likaandikwa kwa herufi kubwa, MIAKA AROBAINI, MOTO HAUJAZIMIKA, likatundikwa juu ya mimbari siku tano kabla. Mama Haleluya aliliona akaruka kama msichana wa shule.

Alhamisi, akiwa kazini, mdomo ulikuwa kwenye sala na akili iko kwenye ushuhuda. Alikuwa akipanga wapi aanze, wapi achekeshe, wapi vijana wapige makofi. Mikono ilikunja, ulimi uliomba, rundo likapanda. Mwenzake wa zamu, mwanamke mchanga ambaye kwa ukali wa ulimi walimwita Pilipili, alisimama akamtazama muda mrefu.

"Mama, samahani," akasema. "Vitambaa vya meza vya kantini navyo vinaumwa?"

Mama Haleluya akatazama chini. Mbele yake kulikuwa na vitambaa thelathini na kimoja vya meza, vyenye miraba myekundu ambayo hata kipofu angeitambua. Kila kimoja alikuwa amekiombea kiguswe, kiinuliwe na kirudi kwao kikiwa kizima. Pilipili alicheka hadi akaketi ndani ya kapu la nguo chafu. Mama naye alicheka, maana jambo lenyewe lilichekesha. Kisha kicheko kikakatika.

Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipoomba na yeye mwenyewe akawemo ndani ya sala. Si jana. Si mwezi uliopita. Alirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, asifike. Mazoea yana taabu, jamani. Moto aliokuwa akienda kujisifia Jumapili ulikuwa umezimika, na hakujua ni lini, kwa sababu mdomo ulimfichia siri vizuri mno. Mwanamke yule aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa msiba.

Jioni alimweleza mumewe yote. Alisema atamwendea mchungaji amtafute mwingine, kwani hawezi kusimama chini ya bango la uongo. Fundi viatu aliendelea kushona soli hadi alipofika mwisho wa uzi.

"Hao watu umewaombea miaka arobaini," akasema. "Umewahi kumwona hata mmoja?"

Hakuwahi. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali, mashuka yaliondoka kwa kigari, na yeye aliingia na kutoka kwa geti la nyuma. Usingizi ulimpaa.

Ijumaa, saa ya mapumziko, alipiga moyo konde akapanda ngazi hadi wodi ya wanaume. Kwenye kitanda cha kwanza alikuwepo mwashi aliyeanguka kutoka jukwaani akavunjika nyonga. Mama akanyoosha mkono juu yake, akaanza: mguse, muinue, mrudishe. Mwashi akafungua jicho moja.

"Dada, hiyo umewaombea wangapi?"

"Wengi."

"Nimesikia, inateleza yenyewe. Mimi niombee ya kwangu."

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alivuta kiti, akauliza ya kwake ni ipi. Mwashi alifikiri, kisha akasema hataki makubwa, anataka tu kulalia ubavu wa kushoto. Wiki sita amelala chali akitazama dari iliyopigwa lipu ovyo, na kwa mtu wa kazi yake hayo ni mateso kupita nyonga.

Mama Haleluya alicheka, halafu akaomba. Maneno yalikuja moja moja, yakikwamakwama, kwani hakuwa na yaliyo tayari. Aliombea nyonga, akaombea ubavu wa kushoto, akamwombea msamaha fundi wa ile dari. Katikati ya hayo moyo ukamruka! Furaha ile ile ya wiki ya kwanza ilimjaa kifua hadi akashika nguzo ya kitanda, na machozi yakalilowesha shuka alilolipiga pasi mwenyewe. Alirudi kazini amechelewa robo saa, akakaripiwa na msimamizi, na akapokea makaripio kwa uso wa furaha kiasi kwamba msimamizi alimuuliza kama anajisikia vizuri. Jumamosi, siku yake ya kupumzika, alikwenda tena na kuketi kando ya vitanda vitatu.

Jumapili alipanda mimbarini. Kiongozi wa vijana alimuuliza kama walivyopanga: amewezaje kudumu na moto miaka arobaini?

"Sikuweza," akajibu.

Akawasimulia habari za vitambaa vya meza. Walicheka. Mchungaji akaangalia bango lake, akaangalia viatu vyake.

"Wanangu, mimi moto wangu una siku tatu tu," akasema Mama Haleluya. "Lakini ni siku tatu tamu, sijui niwaambieje. Saa ya kuwaona wagonjwa imekaribia. Anayetaka kujua, tufuatane."

Akashuka, akatoka mlangoni ibada ikiwa katikati. Mumewe, ambaye maishani hajawahi kuondoka kabla ya baraka, akachukua kofia yake akamfuata, wakaenda bega kwa bega. Mama hakugeuka nyuma, alikuwa akikimbilia wodini. Kwenye geti kubwa, ambalo miaka yote hakuwahi kulipita, mlinzi akamuuliza wako wangapi. Akasema wawili.

Mlinzi akamwonyesha kwa kidole nyuma yake. Barabara ilikuwa imejaa: kwaya na majoho yao, vijana, kina mama na watoto mgongoni, na mchungaji mwisho kabisa akihema.

"Sheria ni watu wawili kwa kitanda," mlinzi akasema.

"Vitanda viko vingi," akamjibu, akawageukia watu wake. "Haya, wawili wawili. Na msimwombee mtu kabla hamjamuuliza anataka nini."