Aliyeshusha Injini Yangu Kitengela

Sikubembelezi uniamini, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Nina gereji ndogo nje ya Kitengela, upande wa kwenda Kajiado, mahali ambapo ukisimama unaona uwanda mtupu hadi macho yachoke. Nilikuwa nimetoa injini ndogo ya Corolla yangu kuukuu nipachike ya Nissan, silinda sita, kwa ajili ya mbio za drag, zile za magari mawili kushindana kasi kwenye barabara iliyonyooka. Gari hilo tulilianza wawili, mimi na rafiki yangu Muli. Kisha Muli akaoa, akahamia Illasit kulima vitunguu. Mbio zilikuwa zimekaribia, nami nimebaki na kazi ya watu wawili: mmoja asimame ashushe injini kwa mnyororo, mwingine alale chini ya gari aielekeze ikutane na giaboksi.

Jumapili hiyo majirani wote walikuwa kanisani. Nilishusha kidogo, nikaingia chini kuangalia, nikatoka, nikashusha tena. Mwishowe nikaufunga mnyororo kwa waya kwenye boriti, injini ikining'inia kwenye ndoano yake, nikalala chini ya gari palepale, karibu kulia. Ndiyo, mtu mzima.

"Sopa," mtu akanisalimu kwa Kimaasai.

Huku kwetu salamu haiachwi bila jibu. "Epa," nikaitikia bila kutoka. Niliona miguu tu, na akala za tairi zilizojaa vumbi.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mzee. Nisaidie na hiyo mnyororo, shusha polepole."

Injini ikashuka kama mtoto anayelazwa. Nikisema "ngoja", inangoja. Huku nikikaza bolti nikajikuta namsimulia yote: habari za Muli, jinsi ninavyokula ugali nikitazama ukuta, jinsi siku nzima hupita bila mtu kuniita jina. Naye akawa anasema tu, "Pole, kijana yangu. Niko hapa."

Nilipotoka nimshukuru, hapakuwa na mtu. Nikazunguka gari, nikatazama uwanda wote. Mtu angejificha wapi pale, nyuma ya nyasi? Halafu nikainua macho. Mnyororo ulikuwa bado umefungwa kwa waya, na ndoano yake inaning'inia palepale nilipoiacha, haijashika kitu. Sasa niambie, injini ilishushwa na nini?

Gari hilo sasa halishikiki, wengi nimewaachia vumbi. Lakini kila Jumapili nalala chini yake hata kama halina kasoro, nasema kwa sauti kwamba niko peke yangu, nangoja miguu ile. Vijana wakija kusaidia nawafukuza. Muli akipiga simu naiacha ilie, maana nani ajuaye, huenda yule haji penye watu. Hajarudi hadi leo.

Kwa hivyo nisikilize, wewe unayefanya kazi peke yako. Ukisalimiwa, toka kwanza umwone mtu uso. Na rafiki akikupigia, shika hiyo simu, hata kama mikono imejaa grisi.