Tabia za Ndovu Mmoja

Juzi katika ofisi moja ya Voi tulipiga foleni, watu wa Rukanga, kuripoti ndovu aliyekula mahindi yetu.

"Alikuwa na tabia gani?" karani akauliza.

Mzee wa kwanza, aliyekuwa ametufokea sote kwa kumsongea, akakunja uso. "Ana madharau. Alinitazama hivi." Akamtazama karani hivyo.

Jirani yake, mama mcheshi aliyekuwa amempisha mzee huyo mbele, akapunga mkono. "Wacha, mzee. Ni mpole sana huyo. Alitokea pale pale alipoingilia, hakuvunja ua zaidi."

"Kwani ni wawili?" karani akashangaa.

"Ni huyo mmoja," wakajibu pamoja.

Nikacheka kimoyomoyo. Kila mmoja alikuwa amejieleza mwenyewe.

"Na kwako?" karani akanigeukia.

Nikajibu kabla sijafikiri: "Alisimama dirishani, akisikiliza mambo ya watu."