Gari Lililolala Makebuko

Nilipohamishwa kutoka shule ya Muyinga kwenda kufundisha Gitega, karibu kila mwalimu mwenzangu alinishauri niliuze gari kabla ya kuondoka. Lilikuwa gari dogo jekundu la milango miwili, limelala chini kama kuku anayeatamia, na juu ya buti lina bawa ambalo hakuna aliyewahi kunieleza kazi yake. Lilitengenezwa kwa ajili ya mbio. Usukani ulikuwa kulia, kwa kuwa lilitoka Tanzania kama mimi, na hapa Burundi tunapita upande wa kulia wa barabara. Ukitaka kulipita lori, sharti aliyekaa kushoto akuchungulie kama mbele ni kweupe. Nilipokuwa peke yangu sikumpita mtu. Nilikaa nyuma ya malori ya kahawa kutoka Karuzi mpaka Gitega, nikivuta moshi wao na kusikiliza injini.

Kusikiliza ndiyo iliyokuwa kazi yangu kubwa ndani ya gari lile. Redio niliizima mwaka wa kwanza, nisije nikapitwa na sauti mbaya. Nilijua mlio wa shokapu ya nyuma kulia, nikajua mkwaruzo wa breki asubuhi yenye ukungu. Kulikuwa pia na mluzi mwembamba uliokuja kwenye mlima tu, nao ulininyima usingizi juma zima hadi fundi aliponionyesha kwamba ni mpira wa dirisha.

Fundi wangu alikuwa mzee wa Kiislamu wa Muyinga mjini, mwenye gereji ya mabati karibu na msikiti. Alilijua gari lile tangu mfanyabiashara aliyenitangulia kulimiliki alipoliingiza kupitia mpakani. Alikuwa na bisibisi ndefu; ncha aliiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Baada ya kuhamia Gitega niliendelea kulipeleka kwake, safari ya nusu siku, kwa sababu mafundi wa Gitega walilicheka kwanza ndipo wakafungua boneti.

Siku moja, mwaka wa sita wa kuwa na gari hilo, alifumbua macho akaipangusa bisibisi kwa kitambaa.

"Mwalimu," alisema, "gari yako iko na moteri ya mbio, si kama hizi zingine. Ndani iko mkanda moja ya meno, sisi tunaita kuruwa. Mi sijawahi kuibadilisha. Yule wa kwanza, mi sijui kama alibadilisha. Ikikatika, moteri inakufa hapo hapo. Haipigi hodi."

"Itakatika lini?"

"We unaniuliza mambo ya Mungu."

Mkanda wa injini ile haukupatikana Gitega wala Bujumbura. Uliagizwa Dar es Salaam kwa mkono wa dereva wa lori, ukakawia, na ulipofika fundi aliuhesabu meno akatikisa kichwa. Ulikuwa wa gari jingine. Tukaagiza tena. Miezi hiyo nililiegesha gari mbele ya nyumba yangu na kwenda shule kwa miguu. Kila nilipolipita nililigusa boneti, kama mtu anayempima mtoto homa.

Ndipo mama aliponipigia simu. Mama aliishi Gashoho, kwa watoto wa marehemu dada yake, tangu tuliporudi kutoka kambini Tanzania. Shamba letu wenyewe lilikuwa upande wa Makebuko, huku Gitega, na juu yake aliishi mtu mwingine aliyekuwa amegawiwa tulipokuwa ukimbizini. Mama alikuwa ameomba haki yake kwa miaka. Sasa bashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima, walikuwa wamepanga kusikiliza shauri Alhamisi asubuhi.

"Nisipofika wanaamua bila mimi," alisema. "Na yule atakuwepo. Yeye ni hatua chache tu kutoka nyumbani kwake."

"Njoo kwa basi Jumatano, mama, ulale kwangu."

"Jumatano tunamzika jirani. Siwezi kuondoka kabla ya mazishi, na basi la Alhamisi litanichelewesha."

Nilifunga simu nikakaa kitandani na ufunguo mkononi. Nilimpigia fundi. Naye akasema, "Nenda nayo pole, kama mtu mwenye mtungi kichwani. Mlima usiilazimishe. Na ukisikia kitu, zima. Usingoje kusikia mara ya pili."

Jumatano nilifika Gashoho salama, mabega yamekakamaa kama niliyebeba matofali. Nilimkuta mama ametoka makaburini, nikalala huko. Kulipopambazuka alikuwa tayari mlangoni. Mama hakuwahi kupanda gari kama watu wengine. Alivaa viatu vya kamba na kuvifunga vifundo viwili, akajifunga kitenge kiunoni, akapakata mkoba, na mkanda wa kiti alikataa kabisa. Nililijua jambo hilo tangu utotoni na sikumcheka. Tulipokimbia nchi tulipakiwa kwenye lori, na lori likaharibika kabla ya mpaka. Dereva aliwaambia watu wangoje, atalitengeneza. Mama alinifunga mgongoni akaendelea kwa miguu na wachache waliomfuata. Waliobaki wakilingoja lile lori hatukuwaona tena kambini, wala popote.

"Gari likisimama," alikuwa akisema, "usilingoje."

Tulishuka kuelekea Karuzi jua likichomoza. Sikuzidisha mwendo hata penye tambarare. Baiskeli zilizobeba ndizi zilitupita kwenye mteremko na vijana wakageuka kushangaa gari la mbio linalotambaa. Mama alishika mkoba kwa mikono miwili.

"Mbona hupumui?" aliniuliza.

"Napumua."

"Hupumui. Gari lina nini?"

Nikamwambia juu ya mkanda. Nilidhani atanigombeza. Alitazama nje muda mrefu, migomba ikipita, kisha akasema, "Basi na mimi nitasikiliza." Tukaenda hivyo, watu wawili wazima, tumenyamaza kama tulio kanisani, kila mmoja ametega sikio kwa mkanda ambao hakuna kati yetu aliyejua unalia vipi.

Gitega tuliipita mapema. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya udongo ya kilimani kwetu, kitu ndani yangu kilifunguka. Nilijiambia, tumefika, hata likifa sasa tumefika. Nikakanyaga mafuta kidogo. Kidogo tu. Katikati ya njia kulikuwa na jiwe lililoachwa wazi na mvua, gari la mtu mwingine yeyote lingelipita juu. Langu lililigonga kwa tumbo. Mlio ulikuwa mkavu, mfupi. Taa nyekundu ya oili ikawaka nami nikazima injini kabla sijafikiri. Niliposhuka na kuinama niliona oili nyeusi ikichuruzika kutoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iliyopasuka, ikifuata mteremko polepole.

Nilikuwa nimeogopa mkanda miezi mitatu. Jiwe sikuwa nimeliogopa hata dakika moja.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameshashuka. Alikuwa hatua kumi mbele, mkoba begani.

"Mama, ngoja!"

"Wanaanza sasa hivi. Twende."

"Siwezi kuliacha katikati ya njia."

Alisimama. Aliniangalia, akaliangalia gari, na uso wake niliuogopa, kwa maana haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayeona jambo analolifahamu. "Mwanangu," alisema, "liache." Kisha akageuka akaenda.

Nami sikumfuata. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa aibu mpaka leo. Karatasi zote za shauri zilikuwa ndani ya mkoba wake, lakini hakujua kusoma, na mimi ndiye niliyetakiwa kusimama kando yake nizisome. Nilibaki nimeshika mlango, nikitazama oili na kuutazama mgongo wake, nikijiambia nusu dakika tu, nusu dakika tu, hadi akapotea kwenye kona.

Ndipo mwanamume mmoja wa makamo na mkewe walipotokea kwa njia ya mkato ya mashambani, wamevaa nguo za Jumapili. Mwanamume alizunguka gari akainama, akagusa oili kwa kidole.

"Amahoro," alinisalimu. "Hili haliendi tena leo."

"Nina haraka, baba. Nisaidieni tulisogeze pembeni tu. Nawahi kwa bashingantahe."

Mume na mke walitazamana. Mwanamke ndiye aliyesema, taratibu, "Sisi pia tunakwenda huko."

Nilielewa, nao walielewa. Hakuna aliyetaja jina la mtu wala la shamba. Yule bwana alivua koti lake, akampa mkewe, akakunja mikono ya shati jeupe. "Pembeni hapa ni shimo," alisema. "Ukiliacha, jioni utakuta limebaki bodi. Nyumbani kwetu ni pale chini, ni mteremko mtupu. Kamata usukani."

Nikakamata usukani. Walisukuma wote wawili, mkewe akiwa na koti begani, gari likaanza kubingirika bila sauti. Tuliingia katika ua uliofagiliwa, wenye nyumba ya matofali na migomba nyuma yake. Nilivuta breki ya mkono. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari langu juu ya ardhi ambayo mama alikuwa ameililia tangu nikiwa mgongoni, na aliyenifikisha hapo alikuwa anajifuta jasho kwa kiganja.

"Tukimbie sasa," alisema, "mama yako atasema tumekuteka."

Tulipanda kilima mbiombio watu watatu. Tulimkuta mama amesimama mbele ya wazee, karatasi ameshika juu chini. Alituona tukiingia pamoja, tunahema. Sitausahau mtazamo ule. Nikasimama kando yake, nikazigeuza karatasi, nikasoma. Sauti yangu ilitetemeka mpaka mzee mmoja akaniambia ninywe maji.

Wazee hawakumaliza siku ile. Walisikiliza, wakapima shamba kwa hatua siku nyingine, wakaita mashahidi. Ilichukua majuma matatu, na karibu muda wote huo gari langu lilikuwa katika ua wa mtu tuliyeshindana naye.

Nililala vibaya sana siku zile. Nililifikiria gari limetobolewa matairi, limegeuzwa banda la kuku. Jumamosi ya kwanza nilikwenda, nikalikuta limefunikwa kwa majani ya migomba, na chini ya sampu wameweka sufuria kuukuu kukinga oili isichafue ua. Mwanamke alinipa maharage na ndizi. Tulikula bila kutaja shauri. Jumamosi ya pili aliniuliza bawa la nyuma ni la nini, nikamwambia sijui, akacheka mpaka akaweka sahani chini. Nilipomsimulia mama, aliuliza tu, "Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha?" Sikujua anauliza nini hasa.

Jumamosi ya tatu fundi wangu alikuja kutoka Muyinga kwa basi, vifaa vyake ndani ya gunia, na kifuani, chini ya shati, mkanda wa pili uliofika kutoka Dar. Huu ulikuwa wenyewe. Alikuwa ameng'oa sampu nyingine kwenye gari bovu. Alitandika gunia ardhini, akalala chini ya gari kutwa nzima, akitoka kwa ajili ya swala tu, na mwenye nyumba alimpatia maji ya kutawadhia na mahali safi pa kuswalia nyuma ya nyumba.

Alipoutoa mkanda wa zamani alinipa mkononi. Ulikuwa umepasukapasuka mgongoni kama kisigino cha mkulima, na jino moja lilining'inia.

"Ungekatika kesho?" niliuliza.

"Pengine kesho. Pengine ungefika mwaka kesho." Aliukunja, akausikiliza ukilia. "Mi nilisema sijui, mwalimu. Bado sijui."

Aliwasha injini. Mwenye nyumba alikuja kusimama nasi, mikono nyuma, wote watatu tumeinamisha vichwa. Hakuna kilichogonga. Fundi aliweka bisibisi, mpini akamkabidhi mwenye nyumba, naye akausogeza sikioni kwa uangalifu mkubwa, uso umemtulia.

Juma lililofuata wazee walitoa uamuzi. Nyumba na sehemu ya juu vilibaki kwa yule bwana, ambaye sasa ni jirani yetu; sehemu ya chini, yenye migomba na chemchemi, ikarudi kwa mama. Hakuna aliyefurahi kabisa. Mama alisema wamempa nusu ya kilicho chake. Jirani alisema wamemnyang'anya nusu ya alichokilima. Lakini siku ya kupanda miti ya mpaka alichimba mashimo yeye mwenyewe, na mama akayamwagilia.

Mama anaishi huko sasa, katika nyumba ndogo tuliyomjengea. Gari bado ninalo. Nikienda kumwona naliegesha juu, kwenye lami, mbele ya duka, nashuka kwa miguu, kwa sababu njia ile siiamini tena, na nikiwa chini najikuta nauliza saa ngapi, nauliza kama mvua itanyesha, nauliza kama kuna mtu amepita karibu na duka. Jirani akiniona ananisalimu kutoka shambani kwake, na kabla hajaniuliza habari za nyumbani, ananiuliza oili niliangalia lini.