King'ora Nilichokizungusha Kidogo Tu

Kambini kwetu, tunakolala wafanyakazi, hadi leo nikipita kuna watu wananililia "uuuuu", nami nacheka nao, maana aibu ikishajulikana na watu wote huna tena pa kuificha.

Mimi ni mlinzi katika chuo kimoja hapa Doha. Supavaiza wetu, Mganda mpole asiyepandisha sauti, aliniahidi kwamba fainali ya tenisi kati ya chuo chetu na wenzetu wa chuo cha Lusail ikipita salama, ananihamishia maktaba (aliyewahi kusimama getini mwezi wa saba anajua maana ya maktaba: kiyoyozi, kiti, na watu wanaonong'ona). Siku hiyo nilipewa kulinda hema la maonyesho kando ya kiwanja, ambamo wanafunzi wa historia walionyesha jinsi taifa moja kubwa lilivyojiandaa miaka ya hamsini kushambuliwa na hasimu wake: makopo ya chakula, picha za watoto wamejikunyata chini ya madawati, na king'ora cha chuma cha kuzungusha kwa mkono.

"Kisiguswe," supavaiza alisema.

Basi akaingia Mama Zuhura, Mzanzibari anayefanya kazi mtaa wa Muaither hapa hapa Doha, kiwanja amekipa mgongo. Bintiye Zuhura ndiye alikuwa anatuchezea, na mpinzani alikuwa amebakiza pointi moja ashinde.

"Siwezi kutazama mie, mwanangu. Nisemeshe chochote."

Sasa mimi ukiniambia nikusemeshe, umefungua bomba. Nikamweleza makopo, nikamweleza madawati, nikaona anasogea kutazama, tukafika kwenye king'ora.

"Na hiki chalia kweli?"

Nikazungusha mpini kidogo tu (kama unavyokoroga chai, wallahi). Hapa nieleze jambo, taratibu: ndani yake mna gurudumu zito, na likishaanza kuzunguka halijali kama umeachia mpini. Kikaguna, kikapanda, kikalia chuo kizima. Nikakikumbatia, kikalia kifuani mwangu. Mama Zuhura akakifunika kwa mtandio wake, kikalia ndani ya mtandio.

Sisi walinzi tumefundishwa hivi: king'ora kikilia, fungua mageti, toa watu, usiulize. Otieno, Mkenya aliyeshika geti la kiwanja, hakuuliza.

"Haya watu wangu, twende parking! Wacha viatu, madam, uhai kwanza!"

Na mimi (mazoea haya!) nikajikuta nimevaa kizibao cha njano, naelekeza watu huku nakimbia king'ora nilichokipiga mwenyewe.

Kule maegeshoni, juani, mwamuzi akatangaza kwamba mpira wa mwisho wa mpinzani, uliotua ndani wakati king'ora kinalia, hauhesabiwi, pointi irudiwe. Wanafunzi wetu wakaninyanyua mabegani. "Mlinzi! Mlinzi!" Supavaiza akanitazama nikiwa huko juu.

"Ulipanga nao?"

"Bosi, nilikuwa naeleza!"

Tukarudi kiwanjani. Mpinzani akapiga mpira ule ule, ukatua pale pale, tukafungwa. Kisha akanigeukia mimi, akanipigia saluti. Watu wakavunjika mbavu, Zuhura mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Angalau sasa najua hukupanga," supavaiza akasema. Kazi ikabaki. Maktaba akapewa Otieno, kwa kufuata utaratibu.

Nami nimerudi getini, juani. Juzi Mama Zuhura alipita kuniletea sharubati ya ukwaju, akakitazama kile chuma kinachozuia magari.

"Na hiki chanyanyukaje, mwanangu?"

Nikaweka mikono nyuma, nikaikamata vizuri. "Nitakueleza, mama. Kwa mdomo tu."