Nilivyofungua akaunti ya benki Kisangani baada ya majirani kunikana

Wakuu, amani kwenu. Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya, leo naleta la kwangu. Chumvi sijaongeza, majina tu ndiyo nimebadili.

Mimi ni Mtanzania, fundi wa majokofu. Naishi Kisangani, Congo, mtaa wa Kabondo. Kampuni moja ya kuhifadhi samaki ilinichukua kwa majaribio. Yalipoisha, bosi akasema mkataba wa kudumu upo tayari, ila hatuweki sahihi mpaka niwe na akaunti ya benki kwa jina langu. Akanipa hadi mwisho wa mwezi.

Kulikuwa na mwenyeji mmoja anaisubiri nafasi hiyohiyo. Yeye akaunti alikuwa nayo.

Nikaenda benki. Pasipoti, visa ya ukaazi, picha, barua ya mwajiri, vyote ninavyo. Dada wa dirishani, nimwite Madame Solange, akavipanga vizuri, kisha akanisukumia karatasi nyeupe.

"Bon, papa, chora nyumba yako."

Nikadhani utani.

"Chora! Kutoka barabara kubwa mupaka kwa mulango. Agent wetu atakuja kuona kama unaishi kule kweli."

Mchoro huo wanauita croquis. Nyumba nyingi huku hazina namba, kwa hiyo unachora alama: kanisa, famasi, kinu cha mihogo, pale wanaposimama toleka, yaani baiskeli za abiria. Nilichora kwa rula, nikajiona injinia.

Kosa langu likaanzia hapo. Nyumbani sikumwambia mtu. Mambo ya benki ni siri ya mtu, ndivyo nilivyolelewa.

Siku chache baadaye Madame Solange akanipigia. Sauti imebadilika.

"Papa, agent alifika kule. Watu wote wanasema hawakujue. Dossier yako tunaisimamisha."

Yaani faili langu limekwama. Wakuu, iliniuma. Mama Béa, anayeuza kwanga, ile mikate ya mihogo, mbele ya geti letu, ananiita tonton, yaani mjomba, kila asubuhi. Papa Assani, mwenye nyumba wangu, mtu wa Maniema, nimefuturu naye sahani moja Ramadhani nzima. Leo hawanijui?

Nilirudi jioni nimenuna. Kabla sijafungua mdomo, Mama Béa akanipungia mkono, anacheka.

"Tonton! Tulikuokoa!"

"Mmeniokoa na nini?"

"Mutu moja alikuja na sacoche, na viatu ya kungaa. Anauliza, Mutanzania anaishi wapi? Nikasema, Mutanzania gani? Hapa haiko Mutanzania! Akaenda kwa Papa Assani, ye pia akakatala."

Papa Assani akadakia kutoka barazani: "Mimi nilimuonyesha njia ya Lubunga. Avuke muto kabisa!"

Wakacheka mpaka kwanga ikaanguka kutoka kwenye beseni.

Niwaeleze kidogo. Huku mtu asiyejulikana, amebeba mkoba, hiyo sacoche, anamuulizia mgeni, watu hawamtegemei kuleta heri. Atakuwa wa kodi, au wa kukagua vibali, au anatafuta cha kula. Na jirani hasalitiwi. Wangenionyesha kwa kidole kama ningekuwa si wao.

Nikawaambia yule alikuwa mtu wa benki, na kwamba kazi yangu ilitegemea jibu lao. Kicheko kikakatika. Mama Béa akashika kichwa.

"Eh, Yesu! Na vile tulikatala muzuri!"

Papa Assani hakunihurumia. "Sasa wewe, kwa nini haukusema? Mutu akingoja mugeni, anaambia watu ya nyumba."

Nikamwomba kesho yake anisindikize benki.

Asubuhi alivaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, ingawa haikuwa Ijumaa, tukaenda benki pamoja. Akasimama mbele ya Madame Solange kama yuko mahakamani.

"Mama, ni mimi niliongopa. Huyu anaishi kwangu. Mutume tena ule agent."

Madame Solange alijikaza asicheke, akashindwa. Akakubali, ila mara ya mwisho.

Safari hii mtaa mzima ulikuwa tayari. Agent hakufika hata getini, Mama Béa alimdaka njiani, mimi na Papa Assani nyuma yake.

"Unatafuta Mutanzania? Iko hapa! Anaishi hapa!"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu alizaliwa!"

Nikafumba macho. Papa Assani akakohoa. Agent akaitazama pasipoti yangu, akanitazama mimi, akaangua kicheko mpaka sacoche ikamtoka begani.

"Bon. Siku ile mulidanganya, na leo munadanganya tena," akasema. "Alors, sasa naamini anaishi hapa."

Akaandika anachoandika, akaondoka na kwanga mbili za bure. Akaunti ilifunguka, na mkataba nikasaini kabla mwezi haujaisha.

Nilichojifunza: ukihamia ugenini, karatasi zikusanye, lakini kwanza waambie majirani nani atakuja na anataka nini. Usiri niliotoka nao nyumbani ulikaribia kunipotezea kazi.

Wenye uzoefu wa kufungua akaunti nchi nyingine, leteni yenu tujifunze. Na nawauliza kwa nia njema kabisa: leo akipita mtu na mkoba mtaani kwako akataja jina lako, majirani watamjibu nini?